Tangazo Lenye Sahihi Yake

Mwanafunzi akimuuliza jambo la kwenda chuo kikuu, hakuwa mwepesi wa kujibu. Alimwambia akae kwanza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge alichojitanda mabegani, akaivaa tena, ndipo akauliza: "Hilo umelisikia au umelisoma?" Aliyelisikia alirudishwa akasome. Aliyelisoma aliulizwa amelisoma wapi, na ukurasa wa ngapi. Wengi walitoka ofisini kwake wamenuna, wakisema mle ndani ni kama kituo cha polisi. Lakini walirudi, kwa sababu pale shuleni hapakuwa na mtu mwingine aliyejua.

Tulimwita Mnasihi. Wanafunzi walimwita Madam. Shule yetu ilikuwa ya kidato cha tano na cha sita, nje kidogo ya mji wa Bunda, upande wenye mashamba ya pamba, na yeye ndiye alikuwa mwalimu wa ushauri. Kazi hiyo aliifanya juu ya vipindi vyake vya Biolojia, bila kupunguziwa hata kimoja. Jina lake ninalijua vizuri, ila sitaliandika hapa. Liliwahi kuharibika kwa sababu yangu, na mara moja inatosha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Jiografia, kijana, ajira yangu ya kwanza. Meza yangu ilitazamana na mlango wa ofisi yake, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia niliyaona kwa macho.

Udahili wa vyuo vikuu una tabia ya kubadilika kila mwaka. Mwaka huu kozi fulani inataka alama hii, mwaka ujao inataka ile. Mwaka huu maombi yana awamu tatu, mwaka ujao mbili. Mtoto wa mjini hayo anayaona kwenye simu ya mjomba wake. Mtoto wa kijijini anayapata kwa mwalimu, na mwalimu akikosea, mtoto naye amekosea. Mnasihi alilijua hilo kuliko sisi sote. Alikuwa na kaunta buku moja nene aliyoijalidi kwa gazeti, na humo aliandika kila badiliko. La zamani hakulifuta. Alilipigia mstari mmoja mwekundu, akaandika jipya chini yake. Nilimuuliza siku moja kwa nini asichane tu kurasa za zamani.

"Mtoto aliyemaliza mwaka juzi atakuja na ya mwaka juzi kichwani," alisema. "Nisipoyakumbuka, nitamtoaje huko?"

Akishapata taarifa mpya aliiandika kwa mkono kwenye karatasi ya manila, akaibandika kwenye ubao wa matangazo, na chini aliweka sahihi na jina lake kamili. Makatibu hawasaini namna ile. Nilipomtania kwamba ubao wa shule si hati ya kiwanja, alinijibu bila kutabasamu kwamba tangazo lisilo na mtu ni uvumi uliobandikwa.

Hakuwa mpole. Watu wakisimulia walimu wa zamani huwafanya wote wapole, na mimi sitaki kumfanyia hivyo. Alikuwa na ulimi mkali, hasa kwa walimu wenzake. Aliyechelewa kipindi alimsalimia kwa kumtajia saa. Mwanafunzi mmoja aliyefuta alama kwenye nakala ya cheti chake ili aombe uhandisi alichaniwa ile nakala mbele ya wenzake, akafukuzwa ofisini, na kesho yake akaitwa tena kimya kimya akatafutiwe kozi inayolingana na alama zake za kweli. Alichukia uvumi wa udahili, lakini uvumi wa harusi aliupenda mno. Nani kaposwa, nani karudisha ng'ombe wa mahari, bibi harusi alivaa nini: kwa hayo alivuta kiti. Aliwaambia mabinti waende vyuo vya Mbeya, vya Mtwara, popote, wasiogope umbali, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Mwanza. Kompyuta aliiogopa. Aliigusa kwa kidole kimoja kama mtu anayepima joto la chungu, kisha akaniita.

Mzee mmoja mfugaji alikuja siku moja kutoka vijiji vya ndani, na fimbo yake, binti yake nyuma. Binti alikuwa amechaguliwa chuo cha mbali. Mzee alikaa, akauliza, "Hicho chuo kina maji?"

Sisi tuliokuwa karibu tuliangaliana. Mnasihi hakutuangalia.

"Kwa nini unauliza maji, mzee wangu?"

"Mimi ng'ombe zangu sipelekagi mahali sijajua maji. Mtoto nitampelekaje?"

Mnasihi alichukua simu yake, akapiga namba ya chuo, akasubiri, akapiga tena. Alipopokelewa alijitambulisha, akasema ana mzazi mbele yake anayetaka kujua kama hosteli ya wasichana ina maji, na yanatoka kisimani au bombani, na kiangazi inakuwaje. Aliandika majibu yote, akamsomea mzee mstari kwa mstari. Mzee alisimama, akasema sasa mtoto aende. Alipoondoka, mwalimu mmoja alicheka. Mnasihi akamwambia, "Huyo ameuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Wewe ulipokwenda chuo, baba yako aliuliza nini?"

Na aliwahi kukosea. Kuna kijana wa Butiama alimshauri kozi moja kumbe hana somo linalotakiwa. Alipogundua, hakungoja kijana aje. Siku ya Jumamosi alipanda gari mpaka kwao, akawakuta wanapalilia, akasema mbele ya wazazi, "Nimekosea mimi, si mtoto wenu. Nimekuja tusahihishe." Alinisimulia hilo Jumatatu kama mtu anayesimulia alivyokwenda kununua chumvi.

Basi mwaka ule ilitangazwa semina ya siku mbili Musoma mjini, ya walimu washauri, kuhusu mabadiliko ya udahili. Kila mwaka alikuwa anakwenda yeye. Safari hii Mkuu wa Shule alisema mambo yote yamehamia mtandaoni, aende anayejua kompyuta, yaani mimi. Mnasihi hakubisha. Alinipa karatasi yenye maswali saba.

"Yote ni ya muhimu," aliniambia, "lakini hilo la tano ndilo linaloninyima usingizi. Wanaochaguliwa vyuo viwili. Walidokeza mwaka jana kwamba watabadilisha. Usirudi bila jibu."

Siku ya kwanza niliandika kila kitu. Siku ya pili asubuhi tulisaini mahudhurio ya siku nzima, na wakati wa chai nikakutana na rafiki niliyesoma naye chuo. Tukakubaliana tukale samaki Mwigobero, kando ya ziwa, tutarudi kabla ya mchana kuisha. Tulikula sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, tukakaa tukiangalia mitumbwi inashusha dagaa, tukakumbushana ya chuoni. Tuliporudi, ukumbini walikuwa wanapanga viti. Nikamuuliza mwalimu mmoja aliyekuwa anafunga begi lake wamesema nini. Akasema, "Ya kawaida tu. Watatuma kwenye barua pepe za shule." Nilitaka iwe hivyo, kwa hiyo nikakubali kwamba ni hivyo.

Kesho yake, saa ya chai, Mnasihi alikuja na kaunta buku mpaka mezani kwangu. Walimu walikuwepo karibu wote. Tulikwenda swali kwa swali, na manne ya kwanza nilimjibu vizuri.

"La tano?"

"Hakuna jipya," nikasema. "Kama mwaka jana."

"Wamesema hivyo wenyewe?"

"Wamesema."

Kalamu alikuwa ameishika lakini hakuandika. "Una uhakika, Mwalimu Magesa?"

Ningeweza kusema, Mama, lile la tano nilikuwa nje. Maneno machache tu. Angenigombeza, angepiga simu Musoma, na mchana huohuo tungepata jibu. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na mimi ndiye nilikuwa mtaalamu mpya wa mtandao. Nikacheka. Nikasema, "Mama, hilo buku lako lipeleke makumbusho. Siku hizi mambo hayaendi kwa kuulizana maswali mara mbili."

Walimu wakacheka. Mwalimu wa nidhamu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mnasihi hakucheka, wala hakukasirika. Neno la mwalimu aliyekuwepo, kwake lilikuwa ni kitu kilichosomwa. Akaandika.

Siku iliyofuata manila ilikuwa ubaoni. Ilisema waliochaguliwa vyuo viwili wasiwe na hofu, watachagua siku ya kuripoti. Ilisema pia, kama ya mwaka jana, kwamba meseji yoyote inayotaja namba za siri ni ya matapeli, waipuuze. Chini yake jina kamili na sahihi.

Ukweli ni kwamba utaratibu ulikuwa umebadilika. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja alipaswa kuingia kwenye akaunti yake, achague kimoja, na athibitishe kwa namba ya siri atakayotumiwa kwenye simu, ndani ya siku chache. Asiyethibitisha alihesabika ameacha. Barua pepe ilikuja kweli shuleni. Nywila nilikuwa nayo mimi peke yangu. Niliifungua muda ule ukiwa umepita.

Wanafunzi wetu wengine waliokuwa mjini waliambiwa na ndugu zao, wakathibitisha. Aliyebaki ni mmoja, Nyangeta, msichana wa Bukima, kombi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, wa kwanza darasani kwake. Alikuwa amechaguliwa udaktari vyuo viwili. Meseji yenye namba ya siri aliipata. Aliisoma, akakumbuka tangazo la Madam, akaifuta.

Alikuja shuleni na baba yake. Mkuu wa Shule alituita, Mnasihi na mimi. Ile manila ilikuwa imebanduliwa, iko mezani. Nafasi za udaktari zilikuwa zimejaa, hapakuwa na la kufanya mwaka ule. Baba yake Nyangeta alikuwa mtu wa ziwani, mikono yake mikubwa ameiweka magotini. Hakupaza sauti.

"Mimi sikusoma," alisema. "Mtoto alitaka kwenda kwa watu wa simu kule senta waiangalie ile meseji. Mimi ndiye nilimkataza. Nilimwambia, Madam ameshasema, msikilize Madam."

Mkuu akauliza, "Nani aliandika hili tangazo?"

"Mimi," Mnasihi akasema.

"Ulipata wapi taarifa hii?"

Hapo alinitazama. Alinitazama kama alivyokuwa anamtazama mwanafunzi anayejua jibu, anayehitaji muda kidogo tu. Alinipa muda huo. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Nakumbuka kamba moja ilikuwa imelegea, na nilifikiri kwa makini sana kuhusu ile kamba.

"Sahihi ni yangu," akasema mwishowe. "Kosa ni langu." Akamgeukia yule baba. "Nisamehe, mzazi mwenzangu."

Yule baba alisimama, akamshika binti yake bega, wakatoka.

Wiki hiyohiyo Mnasihi aliondolewa kwenye ushauri, na ufunguo wa ofisi nikapewa mimi. Alinikabidhi kaunta buku kwa mikono miwili. Alinionyesha kurasa za kozi za afya, za ualimu, za kilimo. Kisha akasema, "Lile la tano lirekebishe." Nikasema, "Sawa, Mama." Hayo tu ndiyo tuliyosemezana kuhusu jambo lile miaka yote iliyofuata. Aliendelea kufundisha Biolojia na kunisalimia kila asubuhi. Salamu yake haikupungua chochote, na hiyo ilinichoma zaidi kuliko kama angeninunia.

Alipostaafu, risala ya kumuaga niliisoma mimi. Nilisema alikuwa mfano wa uadilifu. Yeye alikaa mbele na shada la maua ya plastiki shingoni, akiangalia mikono yake.

Mimi nikawa mwalimu mshauri mwenye sifa. Kazi nilijifunza kwenye buku lake, na ninaifanya vizuri, hilo silikatai. Miaka hii naitwa Musoma kwenye zilezile semina, nikiwa msemaji. Huwa nawaambia walimu wasiondoke kabla ya kipindi cha mwisho, kwa sababu nyuma ya kila taarifa kuna mtoto. Huwa wanapiga makofi.

Mwaka huu, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, nilizungukia shule za Butiama kuwapa walimu mabadiliko mapya. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba Mnasihi anaishi si mbali na pale. Nilipanda pikipiki yangu nikaenda, bila kujua nakwenda kusema nini.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, anamenya muhogo. Miwani ilikuwa imeongezeka unene. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, Mwalimu Magesa. Vuta kiti." Aliniletea uji. Akaniuliza habari za mke wangu, nani kaoa, nani kaachana na nani. Halafu akaniuliza, "Mwaka huu wamebadilisha nini? Maana hapa mtaani kuna watoto watatu, nawaandikiaga maombi."

Nilianza kumweleza. Nikafika kwenye kuthibitisha chuo. Nikaweka kikombe chini.

"Mama, siku ile ya pili ya semina sikuwepo. Nilikuwa Mwigobero nakula samaki."

Aliendelea kumenya. Ganda refu lilianguka, akachukua muhogo mwingine.

"Nilijua," akasema. "Nilimpigia mwalimu mwenzangu wa Musoma siku ileile tuliyotoka kwa Mkuu. Aliniambia kiti chako kilikuwa kitupu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Wiki ya kwanza nilingoja. Muhula mzima nilingoja. Hata siku ile ya risala nilikuwa bado nangoja kidogo. Halafu nikaacha, nikaona nina kazi zingine." Alininyooshea kisu, si kwa kunitisha, kwa kunionyesha upande. "Nyangeta yuko kwenye zahanati moja huko Suguti. Ulijua?"

Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

Aliniambia. Baada ya yale yeye mwenyewe alikwenda Bukima mara mbili. Mara ya kwanza yule baba hakumkaribisha hata kukaa. Alisimama juani uani kwao, akaeleza namna ya kuomba mwaka unaofuata, akaondoka. Mara ya pili alikuta hakuna mtu, akaacha fomu za vyuo vya afya chini ya jiwe mlangoni. Nyangeta alizijaza. Udaktari wa chuo kikuu hakuwahi kuupata tena, maana baba aliugua na nyumba ikamtegemea yeye. Alisomea utabibu ngazi ya diploma. Baba alikuwa ameshafariki.

"Nitakwenda kumwona," nikasema. "Nitapanga siku."

Mnasihi alifunika muhogo kwa ungo. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu na kitenge kingine. Akafunga mlango kwa kufuli.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Suguti. Pikipiki ina mafuta?"

"Leo?"

"Peke yako hutafika," akasema, na akatangulia barabarani.

Nje ya zahanati palikuwa na benchi lenye akina mama na watoto. Nyangeta alikuwa kwenye chumba chake, koti jeupe, kalamu mkononi, mtu mzima. Alisimama alipomwona Mnasihi. "Shikamoo, Madam." Ilikuwa salamu ya adabu, ya mtu aliyeamua zamani kwamba hatakuwa na kinyongo, na bado inamgharimu. Mimi hakunitambua mara moja.

"Huyu mwalimu ana neno lake," Mnasihi akasema. "Mimi nimemsindikiza tu." Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

Nilisema nikiwa nimesimama. Semina, samaki, uongo wa mezani, barua pepe, kimya changu mbele ya baba yake. Halikuwa jambo refu. Nilishangaa kilivyo kifupi kitu nilichokibeba miaka yote ile.

Nyangeta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mnasihi, si mimi.

"Madam, ulikuwa unajua?"

"Nilijua baadaye."

"Baba amekufa anakulaumu wewe."

"Hilo pia najua. Alikuwa na haki, mwanangu. Jina lililokuwa pale lilikuwa langu."

Nyangeta aliweka kalamu mezani. Alizunguka meza, akapiga goti mbele ya kile kiti, akashika mikono ya yule mama yote miwili.

"Shikamoo, Madam," akasema tena.

"Marahaba."

Nilibaki nimesimama pale, sijui mikono yangu niiweke wapi. Baada ya muda Nyangeta aliinua kichwa, akaniambia kwa upole ambao hadi leo sijauzoea, "Mwalimu, tusubiri nje kidogo."

Nikatoka. Nikasimama juani karibu na pikipiki. Walikaa mle ndani muda mrefu, na wagonjwa wakaanza kunung'unika benchini. Mara moja niliwasikia wanacheka, wote wawili. Nilipomrudisha Butiama sikumuuliza walicheka nini, na yeye hakunieleza.